Ile Pesa Tuma kwa Hii Namba: Dhana na Zana za Mchanganuzi wa Ulinzi wa Mtandao

Utangulizi

Mwezi wa Machi mwaka wa 2024, mwandishi wa makala haya aliingia katika duka moja la kupiga chapa mjini Machakos akiwa na flashi mkononi. Haja yake ilikuwa ndogo: kurasa 12 za pendekezo la utafiti, basi. Jioni alipoichomeka flashi hiyo katika kipakatalishi chake, alikuta kila faili imeongezewa mkia wa herufi zisizosomeka, na pembeni pana faili moja ngeni yenye maandishi ya Kiingereza, iliyomwarifu kwamba data yake imefungwa na kwamba ufunguo unauzwa. Ndani ya flashi mlikuwamo rekodi 11 za ngano alizozikusanya Mwala na Kathiani. Hazikuwa na nakala nyingine popote. Mmoja wa watambaji, bibi aliyekuwa amepita umri wa miaka 80, alikuwa amekwisha kuzikwa.

Nasema ‘mwandishi wa makala haya’ kwa kufuata adabu ya majarida; aliyepatwa ni mimi. Usiku huo nilimpigia simu rafiki niliyesoma naye shule ya upili, ambaye siku hizi hufanya kazi ya zamu jijini Nairobi akilinda mitandao ya wateja wa mwajiri wake. Sikupata faraja niliyoitafuta. Aliniuliza maswali matatu: Je, kuna mtu aliyezisikiliza rekodi hizo bila idhini? Je, kuna aliyezibadilisha? Je, wewe mwenyewe unaweza kuzifikia? Nilikasirika kidogo, maana niliona ni maswali ya mtu asiyejua uchungu wa utafiti. Baadaye nilitambua kwamba alikuwa amenifundisha somo la kwanza la taaluma yake.

Lengo la makala haya ni kufafanua dhana za msingi na baadhi ya zana za mtu aitwaye mchanganuzi wa ulinzi wa mtandao. Naandika nikiwa mwanafunzi wa fasihi, si mhandisi, na hoja yangu ni moja: kwamba kazi hii, licha ya mitambo yake yote, ni kazi ya kusoma, na kwamba ile sehemu yake inayowagusa wananchi wetu kwa karibu zaidi ni kazi ya kusoma Kiswahili. Jambo hili halituhusu kwa mbali. Kituo cha Taifa cha Data kiko Konza, pale Machakos inapopakana na Makueni na Kajiado, safari fupi kutoka hapa tulipo.

Nguzo tatu

Maswali ya rafiki yangu yanalingana na nguzo tatu ambazo mchanganuzi huzilinda: usiri, ukamilifu na upatikanaji. Usiri ni hali ya habari kujulikana na wale tu wanaostahili kuijua. Ukamilifu ni hali ya habari kubaki kama ilivyoachwa na mwenyewe. Wapo wanaopendekeza ‘uadilifu’ kwa dhana hii ya pili, lakini mimi naona uadilifu ni sifa ya binadamu, na faili haina dhamiri. Yeyote aliyewahi kulinganisha miswada ya tenzi za kale anaielewa nguzo hii bila kufundishwa: mnakili akibadilisha neno moja katika ubeti mmoja, idadi ya kurasa haipungui, mizani huenda isipotee, lakini utenzi si ule tena.

Nguzo ya tatu ndiyo aghalabu husahauliwa. Ngome ya Yesu mjini Mombasa ilianza kujengwa na Wareno mwaka wa 1593. Waomani walipoizingira mwezi wa Machi 1696, hawakuhitaji kuzivunja kuta zile nene kwa siku moja. Waliwazuilia njia waliokuwamo ndani, na njaa na maradhi vikawamaliza kidogo kidogo hadi ngome ikaanguka mwezi wa Desemba 1698. Mzingiro wa namna hiyo ndio ulioikumba Kenya mwishoni mwa mwezi wa Julai 2023. Tovuti ya eCitizen, ambayo serikali ilikuwa imetangaza mwezi mmoja kabla kwamba inabeba huduma zaidi ya 5,000, ikawa haifunguki. Waombaji wa pasipoti na leseni walikwama, wageni waliotarajia viza za mtandaoni wakalazimika kupewa wafikapo, na huduma za kulipa kwa simu na kununua umeme nazo zikatatizika. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuwa ndilo lililohusika. Waziri wa habari wa wakati huo, Eliud Owalo, alithibitisha shambulio hilo na kusema kwamba hakuna data iliyopotea.

Wengi waliipokea kauli hiyo ya waziri kwa kicheko. Kitaalamu hapakuwa na la kuchekesha. Shambulio la aina hii haliibi kitu. Hutuma maombi mengi mno kwa seva, kutoka kwa mashine nyingi, kwa wakati mmoja. Ni kama watu elfu kumi wasio na haja yoyote wajazane katika Kituo cha Huduma cha Machakos, kila mmoja amwulize karani saa ngapi, hata mama aliyekuja kufuata cheti cha kuzaliwa cha mwanawe asiufikie mlango. Usiri haukuguswa, ukamilifu haukuguswa; upatikanaji ndio ulioangushwa. Mwezi wa Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kuwafungulia mashtaka ndugu wawili raia wa Sudan kuhusiana na kundi hilo, wakilihusisha na mashambulio zaidi ya 35,000.

Hapa napenda kuchokoza mjadala wa istilahi. Magazeti yetu yaliandika kwamba eCitizen ‘imedukuliwa’. Kudukua ni kuchungulia au kusikiliza siri za watu. Ni neno zuri, lina asili katika lugha, nami sina ugomvi nalo. Lakini linafaa pale usiri unapovunjwa. Aliyeizingira ngome hakudukua, alizingira. Tukitumia neno moja kwa mambo yote, mwananchi ataogopa kwamba picha yake ya pasipoti imeibwa wakati haijaibwa, na siku itakapoibwa kweli hatutakuwa na neno la kumweleza tofauti.

Tishio, ufa na hatari

Katika mazungumzo ya kawaida maneno haya hubadilishana nafasi. Mchanganuzi huyatenganisha. Tishio ni yule au kile kinachoweza kudhuru. Ufa ni udhaifu uliomo katika mfumo wenyewe. Hatari huzaliwa tishio linapokutana na ufa mahali penye kitu cha thamani. Mwizi aliye Mombasa si hatari kwa mlango mbovu wa Machakos hadi apande basi. Na katika mtandao, hilo basi halina nauli.

Nimechagua neno ‘ufa’ kwa makusudi, kwa sababu lina methali yake tayari. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa fulani katika mfumo wa Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, karibu miezi miwili baadaye, programu hasidi iliyopewa jina la WannaCry ilipita katika ufa huohuo na kufunga faili katika tarakilishi zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Hospitali kadhaa za Uingereza ziliwarudisha wagonjwa. Waliotumia kiraka kwa wakati walilala usingizi. Waliochelewa walijenga ukuta.

Nyufa zinazojulikana hupewa nambari na kuorodheshwa katika rejista ya kimataifa iitwayo CVE, iliyoanzishwa mwaka wa 1999, na sehemu kubwa ya asubuhi ya mchanganuzi huishia kulinganisha rejista hiyo na orodha ya mitambo anayoichunga. Ni kazi kavu. Isipofanywa, hayo mengine yote ni mapambo. Na tusisahau tishio la ndani: mfanyakazi aliyeachishwa kazi Ijumaa na ambaye nywila yake bado inafanya kazi Jumatatu. Wahenga walikwisha kusema kikulacho ki nguoni mwako, na sina la kuwaongezea.

Kusoma kumbukumbu

Kila mashine iliyounganishwa na mtandao huandika shajara. Nani aliingia, saa ngapi, kutoka wapi, alifungua nini. Maandishi haya huitwa kumbukumbu za mfumo, na ndiyo matini anayoisoma mchanganuzi kutwa kucha. Mwaka wa 1986, katika maabara ya Lawrence Berkeley huko Kalifonia, Clifford Stoll, mtaalamu wa nyota aliyekuwa amehamishiwa chumba cha tarakilishi, alipewa kazi ya kutafuta kwa nini hesabu za matumizi ya mashine zilikuwa na upungufu wa senti 75. Mtu mwingine angezitoa mfukoni mwake mambo yakaisha. Stoll alizifuata, na baada ya miezi mingi zilimfikisha kwa Mjerumani aliyekuwa akiingia katika mitandao ya kijeshi ya Marekani na kuiuza habari hiyo kwa majasusi wa Kisovieti.

Tuchukue mfano wa kubuni ulio karibu na nyumbani. Chama cha akiba na mikopo kina mhasibu ambaye huingia katika mfumo kila siku baada ya saa mbili asubuhi. Mfumo wa Windows huandika tukio nambari 4625 kila mtu akosapo nywila, na nambari 4624 anapofaulu kuingia. Usiku mmoja kumbukumbu zinaonyesha 4625 mara 41 mfululizo katika akaunti ya mhasibu, halafu 4624 mara moja, kisha kimya. Tukio moja la 4625 halina maana yoyote; sote hukosea nywila. Ni mfuatano wake, saa yake na ule ufaulu wa mwisho unaosimulia kisa.

Na saa yenyewe ni mtego. Seva nyingi huandika wakati kwa kipimo cha kimataifa, ambacho kiko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Ikiandikwa 23:17 ya Jumanne, kwetu ni 02:17 ya Jumatano. Na Mswahili, ambaye huhesabu kuanzia macheo, ataiita saa nane na dakika kumi na saba usiku. Rafiki yangu alinisimulia kwamba katika zamu zake za mwanzo aliwahi kumwamsha meneja wa watu kwa kosa la kuongeza saa tatu mahali alipopaswa kuzipunguza. Ninalitaja hili kwa sababu waandishi wa vitabu vya taaluma hii hawaishi katika nchi yenye saa mbili.

Baada ya kuona, mchanganuzi hana budi kuhoji. Je, majaribio yote yalitoka katika anwani moja? Yaligusa akaunti moja au nyingi? Huenda mhasibu alirudi kutoka likizoni akiwa amesahau nywila na anafanya kazi usiku ili kufidia? King’ora cha uongo ndicho adui wa kila siku wa kazi hii, kwani kinacholia usiku kucha hatimaye hakimwamshi mtu. Anayefunga akaunti kwa kila shaka huvunja upatikanaji yeye mwenyewe. Anayesubiri hadi awe na yakini hukuta ghala limekwisha kubebwa. Yamkini ndiyo sababu kazi hii haijaweza kuachiwa mashine peke yake.

Zana

Zana za mchanganuzi ni nyingi na majina yake hubadilika kila mwaka. Nitazungumzia zile ambazo bila ya kuzijua mazungumzo hayaendi.

Ya kwanza ni ile ambayo Waingereza huiita ukuta wa kuzuia moto, nasi tumeitafsiri hivyohivyo, ‘ukuta wa moto’, hata mwanafunzi akadhani ni ukuta unaowaka. Kifaa hiki hakifanani na ukuta wala moto. Husimama mlangoni, humtazama kila apitaye, hulinganisha na kanuni alizopewa na mwenye nyumba, kisha huruhusu au hukataa. Kiswahili kina neno la kazi hiyo tangu zamani: bawabu. Tarakilishi moja ina malango yenye nambari kuanzia 0 hadi 65,535. Lango la 443 hupokea mawasiliano ya tovuti yaliyofumbwa. Lango la 3389 humwezesha mtu kuiendesha mashine ya Windows akiwa mbali, na likiachwa wazi kuelekea mtandao wote wa dunia, ndilo mojawapo ya njia wanazozipenda wafungaji wa faili. Programu iitwayo Nmap, iliyotolewa mwaka wa 1997, hupita ikibisha malango yote na kueleza yapi yako wazi. Mlinzi huitumia kwake mwenyewe kabla mwenziwe hajaitumia kwake.

Bawabu huangalia bahasha. Kuna zana zinazofungua na kusoma barua yenyewe. Snort, iliyoandikwa na Martin Roesch mwaka wa 1998, hulinganisha vifurushi vya data vipitavyo na orodha ya alama za uovu unaojulikana, na ikikuta mfanano hupiga king’ora. Wireshark, iliyoanza mwaka huohuo wa 1998 kwa jina la Ethereal na kubadilishwa jina mwaka wa 2006, haipigi king’ora chochote. Humwonyesha mchanganuzi kila kifurushi, baiti kwa baiti, akasome mwenyewe. Ya kwanza ni orodha ya makosa ya mwalimu, ya pili ni uhakiki wa matini. Juu ya hizi hukaa ghala la kumbukumbu, kama vile Splunk au Wazuh ambayo hupatikana bila malipo, linalokusanya shajara za mashine zote mahali pamoja na kuzioanisha. Bila ghala hilo mchanganuzi angekuwa mtu anayesoma riwaya ambayo kila ukurasa wake uko katika nyumba tofauti.

Zana nyingine ni alama ya faili. Kanuni ya hisabati iitwayo SHA-256 huichukua faili yoyote, iwe shairi au filamu, na kuigeuza kuwa mfuatano wa tarakimu na herufi 64. Badilisha nukta moja katika faili na mfuatano wote hubadilika. Ndiyo njia ya kuthibitisha ukamilifu, na ndiyo njia ya kuitambua programu hasidi iliyojibadilisha jina. Mchanganuzi anaweza kuipeleka alama hiyo katika huduma ya VirusTotal, iliyoanzishwa Uhispania mwaka wa 2004 na kununuliwa na Google mwaka wa 2012, akaambiwa kama kuna aliyewahi kukutana na faili hiyo. Lakini angalia: apeleke alama, si faili yenyewe. Faili ikipakiwa pale huweza kufikiwa na wengine wanaolipia huduma, na ikiwa ilikuwa mshahara wa wafanyakazi, mlinzi atakuwa ameuvunja usiri kwa mikono yake.

Kama Propp

Mwaka wa 1928 Vladimir Propp, akichunguza ngano za Kirusi, alidai kwamba wahusika hubadilika lakini matendo yao ya kimsingi ni 31, na kwamba hufuatana kwa mpangilio usiobadilika. Kila mwanafunzi wa fasihi simulizi amelikariri hilo usiku wa kuamkia mtihani. Mwaka wa 2011 wataalamu wa kampuni ya Lockheed Martin walichapisha maelezo ya hatua saba za shambulio la mtandao: upelelezi, kuunda silaha, kuifikisha, kuutumia ufa, kujisimika ndani, kuamrisha kutoka mbali, na kutimiza lengo. Sijui kama walimsoma Propp. Ajabu ni kwamba katika mpangilio wake, hasidi naye huanza kwa kupeleleza, hupata habari kumhusu mhasiriwa, kisha humlaghai.

Manufaa ya mtazamo huu kwa mlinzi ni ya moja kwa moja. Kwa kuwa kila hatua huitegemea iliyotangulia, kisa kikikatwa mahali popote hakifiki mwisho. Akikosa kuiona barua pepe ya hila, bado anaweza kuinasa programu ikijisimika. Akikosa hilo, bado anaweza kuisikia ikiomba amri kutoka nje. Baadaye shirika la MITRE lilichapisha, mwaka wa 2015, orodha pana zaidi iitwayo ATT&CK, ambamo kila mbinu ina nambari yake: kujaribu nywila kwa nguvu ni T1110, kulaghai kwa ujumbe ni T1566. Waliowahi kutumia fahirisi ya Aarne na Thompson ya aina za ngano watajihisi nyumbani kabisa.

Kinyume

Habari ifumbwayo huhifadhi usiri hata ikianguka mikononi mwa adui. Waswahili waliujua mchezo huu. Katika kinyume, silabi ya mwisho ya neno hutangulizwa: ‘kitabu’ huwa ‘bukita’, ‘ficha’ huwa ‘chafi’. Edward Steere aliiweka mifano ya usemi huu katika kitabu chake kuhusu Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka wa 1870, na hapo ndipo udhaifu wake ulipofichuka: ukishaijua kanuni, umeijua siri yote. Ufumbaji wa kisasa umegeuza jambo hili. Kanuni zake huchapishwa hadharani na kila mtu anaruhusiwa kuzichambua. Kinachofichwa ni ufunguo pekee. Ndiyo sababu nilipomwomba rafiki yangu ‘apige hesabu’ afungue faili zangu, alicheka. Kifaa kilekile kinachozilinda fedha zangu katika simu ndicho kilichozifungia rekodi zangu.

Ile pesa

Nimefika nilikokusudia. Kuna ujumbe ambao karibu kila mwenye simu nchini Kenya amewahi kuupokea: ‘Ile pesa tuma kwa hii namba.’ Maneno sita. Hauna kiungo cha kubofya, hauna faili iliyoambatishwa, hauna programu hasidi. Snort haitaona kitu, na alama ya SHA-256 haina pa kuanzia. Silaha yake yote ni kiashiria kimoja, ‘ile’.

Wanasarufi wanatufundisha kwamba kiashiria hiki huelekeza kwa kilicho mbali, au kwa kile ambacho msemaji na msikilizaji wanakijua tayari. Mlaghai hakusema ‘pesa’, wala ‘tuma pesa’. Amesema ‘ile pesa’, na kwa kufanya hivyo ameyadai mazungumzo ambayo hayakuwahi kuwapo. Hajui kama una deni. Anatuma kwa watu wengi, na miongoni mwao yupo mzee ambaye asubuhi hiyo alikubaliana na fundi, au mama anayetarajiwa kulipa karo. Kwa mtu huyo ‘ile’ inapata kirejelewa chake mara moja. Akili yake mwenyewe inaikamilisha sentensi ya mwizi. Tazama pia kwamba hakuna salamu wala jina. Mgeni angejitambulisha, anayefupisha ni mtu wa nyumbani.

Kwa upande mwingine, mlaghai anayejifanya kampuni hujikwaa katika rejista. Huanza kwa ‘Mpendwa mteja wetu’, kisha katika sentensi ya pili upatanisho wa ngeli unavunjika au lugha ya mitaani inachomoza. Lugha imewahi kuokoa fedha nyingi zaidi ya hizi zetu. Mwezi wa Februari 2016 wezi walijaribu kuhamisha karibu dola milioni 951 kutoka katika akaunti ya Benki Kuu ya Bangladesh huko New York. Dola milioni 81 ziliwaponyoka wenyewe kupitia Ufilipino. Malipo mengine ya dola milioni 20 kwenda Sri Lanka yalizuiwa baada ya benki moja iliyokuwa katikati kuuliza kuhusu neno ‘foundation’ lililokuwa limeandikwa ‘fandation’. Msomaji makini wa tahajia alifanya kazi ambayo mitambo haikuifanya.

Sasa tulinganishe. Mlaghai huwaandikia watu wetu kwa Kiswahili, tangu enzi ya M-Pesa iliyoanza mwezi wa Machi 2007. Taarifa za kila robo mwaka za kituo cha taifa cha kukabiliana na matukio ya mtandao, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, hutoka kwa Kiingereza. Sheria ya mwaka wa 2018 kuhusu uhalifu wa mtandao, ambayo katika kifungu chake cha 14 iliweka faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 3 au vyote viwili kwa anayeingia katika mfumo bila idhini, imeandikwa kwa Kiingereza. Vivyo hivyo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, inayomtaka anayehifadhi data amwarifu Kamishna ndani ya saa 72 tangu ajue kwamba imevuja. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hoja hapa ni ya kiulinzi kabla ya kuwa ya kizalendo: mhasiriwa anashambuliwa katika lugha anayoisikia na anaonywa katika lugha anayoikisia. Mkusanyo wa jumbe hizi za ulaghai, uliochambuliwa kwa viashiria, salamu, rejista na makosa yake, ungekuwa tasnifu halali ya uzamili katika idara yoyote ya Kiswahili, na mchanganuzi angeweza kuigeuza kuwa kanuni za kichujio cha ujumbe. Nimempa rafiki yangu jumbe 30 kutoka simu za jamaa zangu. Ameomba nyingine.

Nakala tatu

Lililobaki ni dogo. Walinzi wana kanuni ya nakala: ziwe tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumba. Mwezi wa Agosti 2024 nilirudi Mwala. Watambaji wawili walikubali kusimulia upya, na mmoja akaubadilisha mwisho wa ngano yake, akaniambia kwamba hakuna anayetamba mara mbili sawasawa. Rekodi hizo sasa ziko katika kipakatalishi, katika diski iliyo kwa dada yangu Kathiani, na katika hifadhi ya mtandaoni. Alama zake za herufi 64 nimezinakili kwa kalamu katika daftari la utafiti. Ngano ya yule bibi haiko popote. Mjukuu wake anaukumbuka wimbo tu.

Flashi yenyewe sijaifuta. Mwaka wa 2016 polisi wa Uholanzi na Europol, pamoja na kampuni za ulinzi wa tarakilishi, walianzisha mradi uitwao No More Ransom, ambao huchapisha bure funguo za programu hasidi kadiri zinavyopatikana. Kila baada ya miezi michache huingia humo nikapakia ile faili ya Kiingereza na faili moja isiyo na siri, na kila mara najibiwa kwamba ufunguo wa aina hii haujapatikana bado.